Tolkien: Mandhari moja, kwa wino na kwa rangi

John Ronald Reuel Tolkien anafahamika duniani kote kwa riwaya zake The Hobbit na The Lord of the Rings. Wachache wanajua kwamba alizaliwa barani Afrika, na wachache zaidi kwamba picha zilizomo katika toleo la kwanza la The Hobbit alizichora kwa mkono wake mwenyewe.

Picha hizo zilimkabili na swali ambalo kila mpiga picha wa mandhari hukutana nalo hadi leo: je, mahali paonyeshwe kwa rangi, au kwa nyeusi na nyeupe peke yake?

Kutoka Bloemfontein hadi Kings Heath

Tolkien alizaliwa Januari 3, 1892 mjini Bloemfontein, katika iliyokuwa Jamhuri ya Orange Free State, ambako baba yake, Arthur, alikuwa meneja wa benki. Novemba mwaka huo familia ilipigwa picha bustanini pamoja na watumishi wa nyumbani, na picha hiyo ikatumwa kwa jamaa zao Birmingham kuwa salamu za Krismasi.

Karibu picha zote za zama hizo zilipigwa kwa nyeusi na nyeupe. Kwa picha hiyo jamaa waliiona sura ya mtoto.

Mwaka 1895 mama yake, Mabel, alimpeleka Uingereza yeye na mdogo wake, Hilary. Baba alibaki kazini, akafariki dunia Februari 1896 kabla ya kuungana nao. Mjane huyo na wanawe walikuwa wakikaa kwa wazazi wake katika barabara ya Ashfield, Kings Heath, kusini mwa Birmingham.

Katika kiangazi cha 1896 walihamia Sarehole, kitongoji cha jirani chenye mto, miti mikubwa na kinu cha kusaga nafaka. Mabel alimfundisha mwanawe nyumbani: lugha, elimu ya mimea na uchoraji.

Maisha hayo ya shamba yalikwisha mwaka 1900. Familia ilirudi mjini, kwanza Moseley, kisha tena Kings Heath, katika nyumba ya barabara ya Westfield iliyopakana na reli. Mabehewa ya makaa ya mawe yalipita nyuma ya nyumba yakiwa na majina ya Kiwelisi, na mvulana akaanza kuvutiwa na lugha hiyo.

Novemba 1904 Mabel alifariki dunia kwa ugonjwa wa kisukari, wakati ambapo insulini ilikuwa bado haijagunduliwa. Tolkien alikuwa na umri wa miaka 12.

Wino kwanza

Baadaye alisoma Oxford, akapigana katika vita vya Somme mwaka 1916, na mwaka 1925 akateuliwa kuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford. Miaka yote hiyo hakuacha kuchora.

Kampuni ya George Allen & Unwin ya London ilipokubali kuchapisha The Hobbit, gharama ndiyo iliyoamua suala la rangi. Michoro ya mistari ya wino mweusi ilikuwa rahisi kuchapishwa. Toleo la kwanza, lenye nakala 1,500, lilitoka Septemba 21, 1937 likiwa na michoro kumi na ramani mbili.

Hata katika jalada, Tolkien alitaka jua na joka viwe vyekundu. Mchapishaji aliondoa rangi hiyo ili kupunguza gharama, zikabaki nyeusi, kijani na buluu.

Hata hivyo, uhaba huo haukuwa hasara tupu. Katika mchoro wa wino wa kijiji cha mahobiti, jicho huanzia kwenye kinu kilichoko mbele, likaifuata barabara inayopindapinda hadi mlango wa Bilbo juu ya kilima. Hakuna rangi ya kulivuta pembeni. Umbo la ardhi ndilo linalosimulia.

Kisha rangi

Mchapishaji wa Marekani, Houghton Mifflin, alitaka picha za rangi, na alifikiria kuwapa kazi hiyo wachoraji wa huko. Tolkien hakukataa, lakini alichelea wasije wakafuata mtindo wa studio za Walt Disney. Katika likizo ya Julai na Agosti 1937 alichora mwenyewe picha tano kwa rangi za maji.

Nne kati ya hizo ziliingia katika toleo la Marekani la 1938. Mchapishaji wa London naye alitia nne katika chapisho lake la pili, baada ya nakala za kwanza kumalizika kufikia Desemba 1937.

Mojawapo ilikuwa kijiji kile kile. Kinu, barabara na mlango vimo vilevile, lakini sasa mashamba ni ya kijani na manjano, na miti imechanua. Rangi imeleta jambo ambalo mstari wa wino haukuweza kulisema: majira ya mwaka.

Tolkien alieleza baadaye kwamba kijiji hicho kilitokana na Sarehole. Mwaka 1933 alikuwa amepita huko na familia yake, akakuta barabara za lami, magari na nyumba palipokuwa na mashamba. Miaka minne baadaye alikuwa akikitia rangi kijiji ambacho jiji lilikuwa limekwisha kukimeza.

Alifariki dunia Septemba 2, 1973 mjini Bournemouth, akiwa na umri wa miaka 81. Kinu cha Sarehole kingali kimesimama, nacho ni jumba la makumbusho. Picha zake nyingi za asili zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, ambayo iliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake mwaka 2018.

Siku hizi mpiga picha huweza kuondoa rangi kwa kubofya mara moja tu. Picha mbili za kilima kile zinampa kipimo kizuri. Akitaka mtazamaji aelewe jinsi ardhi ilivyokaa, nyeusi na nyeupe zinatosha. Akitaka mtu akumbuke siku aliyokuwa hapo, aiache rangi.