Kimura: Jina Lililogeuka Nomino ya Kawaida

Tunapowafundisha wanafunzi aina za nomino, aghalabu huweka ukuta kati ya nomino za pekee na zile za kawaida. Ukuta huo una matundu. Dereva aagizaye dizeli kituoni hamkumbuki Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, wala fundi wa umeme atajaye volti hamfikirii Alessandro Volta wa Italia. Miongoni mwa waliopenya tundu hilo yumo Kimura Masahiko, bingwa wa judo wa Japani, na jinsi alivyopenya inastahili kusimuliwa.

Kimura alizaliwa Kumamoto mwaka 1917, katika familia maskini, na utotoni alimsaidia babake kuchota changarawe mtoni. Mwaka 1935, baada ya kushindwa mara kadhaa, nusura aiache judo. Badala yake alizidisha mazoezi chini ya mwalimu wake mkali, Ushijima Tatsukuma, hata akawa akijizoeza kuangusha wapinzani kwa kuupiga mti. Matokeo yakaonekana: alikuwa bingwa wa Japani yote mwaka 1937, 1938 na 1939, na mwaka 1940 akashinda mashindano yaliyofanywa mbele ya Mfalme. Wajapani wakasema kwamba hapakuwa na mfano wake kabla yake wala hapatakuwa na mwingine baadaye.

Baada ya vita, njaa haikumjali bingwa. Mkewe aliugua kifua kikuu na dawa zilihitaji fedha. Mwaka 1950 Kimura akajiunga na judo ya kulipwa, kisha mieleka. Huko ndiko sifa zake zilikochujuka. Desemba 1954 alipigwa vibaya na Rikidozan katika pambano lililorushwa na televisheni. Yeye alishikilia kwamba walikuwa wameafikiana kutoka sare. Kodokan, makao makuu ya judo, haikumpandisha tena daraja. Alikufa mwaka 1993 akiwa katika dani ya saba ile ile aliyoipata ujanani.

Hata hivyo, Oktoba 1951 alikuwa amepigana na Hélio Gracie katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Kimura aliupinda mkono wa Mbrazili huyo nyuma ya mgongo hadi ukavunjika. Gracie akakataa kusalimu amri, na kakaye, Carlos, ndiye aliyelisitisha pambano. Kwa Kijapani mbinu hiyo huitwa ude-garami. Wabrazili, kwa kumheshimu aliyewashinda, wakaiita kimura. Leo vijana wa mataifa mengi hujifunza kupiga kimura na kujinasua katika kimura, na wengi wao hawajui kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo.

Hapa pana somo kwetu sisi walimu. Vyeo hugawiwa na wakubwa, nao waweza kuvinyima. Lugha haina mwenyekiti wa kamati. Msamiati hutungwa na wenye haja nao, na mara hii waliokuwa na haja ni wale waliouonja uchungu wa mbinu yenyewe. Nchini mwake Kimura alinyimwa daraja. Ugenini akapewa neno. Nami naona neno ndilo tuzo kubwa zaidi, kwani halingoji idhini ya mtu.