Millardet: Aliyeokoa mizabibu kwa mrututu na chokaa

Pierre-Marie-Alexis Millardet alizaliwa mwaka wa 1838 mashariki mwa Ufaransa na kufikia 1876 alikuwa profesa wa botania mjini Bordeaux. Miaka miwili baadaye, ubwiri kutoka Marekani ulianza kupukutisha majani ya mizabibu nchini humo.

Mnamo Oktoba 1882, akipita Saint-Julien, alishangaa kuona mizabibu ya kando ya barabara ingali na majani ilhali mingine imebaki uchi. Kumbe wenye mashamba walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa ili wezi wadhani zabibu zina sumu! Wengi waliiona rangi ile wakaenda zao. Millardet alisimama akauliza.

Akishirikiana na mwanakemia Ulysse Gayon, aliufanyia majaribio mchanganyiko huo hadi alipoutangaza mwaka wa 1885. Ugumu ulikuwa katika kipimo. Mrututu mtupu huua kuvu, lakini pia huunguza majani machanga. Chokaa huupunguza ukali, shaba ikabaki juu ya jani na kuyeyuka kidogo kidogo.

Millardet aliaga dunia mwaka wa 1902. Dawa za shaba zilienea hadi mashamba ya kahawa ya Kenya. Hata hivyo, shaba haiozi: hurundikana udongoni na, ikizidi, hudumaza mizizi ya miche. Ndiyo maana tangu 2019 Umoja wa Ulaya umewawekea wakulima kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka saba.