Mwalimu wa muziki aliyenasa sayari nyuma ya nyumba yake

Ukiwa Nyanchwa, Manga, Keroka au kona yoyote ya Gusii, subiri mvua ya jioni ikate na mawingu yasogee, halafu inua macho. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni sayari ambazo binadamu wamekuwa wakiziona kwa macho matupu tangu enzi za mababu wa mababu. Kwa maelfu ya miaka hesabu iliishia hapo kwa Zohali. Ni wachache waliowaza kwamba kuna nyingine huko mbele.

Mtu aliyevunja hiyo hesabu alikuwa mwalimu wa muziki. Hakuwa na digrii ya anga wala ya kitu kingine. Darubini alijitengenezea mwenyewe nyumbani, na sayari akaipatia kwenye bustani ya nyumba yake. Anaitwa William Herschel, na leo nakupa stori yake kwa sababu inakuhusu wewe unayedhani mambo ya nyota ni ya watu wa NASA tu.

Kijana wa bendi

Herschel alizaliwa Novemba 15, 1738 mjini Hanover, ambao leo uko Ujerumani. Baba yake alipiga zumari kwenye bendi ya jeshi, na William akaingia bendi hiyo hiyo akiwa na miaka 14. Kisha vita vikalipuka. Mwaka 1757 Wafaransa waliposhinda karibu na kwao, wazazi wakaona heri kijana aondoke. Akavuka bahari hadi Uingereza.

Unajua vile kijana wa kwetu anashuka Nairobi na begi moja na namba ya simu ya binamu? Ndivyo alivyotua London, ila yeye hata simu hakuwa nayo. Alianza kwa kunakili karatasi za muziki ili apate chakula. Akahamia miji ya kaskazini, akifundisha na kutunga. Mwaka 1766 akapata kazi nzuri katika mji wa Bath, ya kupiga kinanda kanisani. Mchana alikuwa na wanafunzi, jioni tamasha. Maisha yalikuwa yameshika.

Tatizo lake lilikuwa vitabu. Kutoka nadharia ya muziki aliingia hesabu, kutoka hesabu akaingia kwenye jinsi mwanga unavyopinda, na kutoka hapo akafika kwenye nyota. Akifika nyumbani usiku amechoka, analala na kitabu cha anga kando yake. Hapa nataka unielewe vizuri, hasa sisi tulioacha chuo njiani: huyu jamaa hakusoma chuo, lakini kusoma hakuacha hata siku moja.

Kusugua kama fundi wa Tabaka

Mwaka 1773, akiwa na miaka 34, alitaka darubini kubwa. Alipouliza bei ya kioo cha kuakisi cha ukubwa aliotaka, akakuta mfuko hauruhusu. Basi akanunua vifaa vya mtu aliyekuwa ameachana na kazi ya kung'arisha vioo, akaanza kujaribu mwenyewe.

Kama umewahi kufika Tabaka ukawaona wachongaji wa mawe ya sabuni wakisugua kinyago kwa msasa na maji mpaka kiteleze kama ngozi ya mtoto, nusu ya kazi ya Herschel umeshaielewa. Vioo vyake vilikuwa vya chuma, mchanganyiko wa shaba na bati. Unayeyusha, unamimina kwenye kalibu, kisha unasugua kwa mkono hadi kiwe na mbonyeo sahihi kabisa. Kosa dogo kuliko unywele linaharibu picha yote.

Na ukianza hatua ya mwisho ya kung'arisha, huachi katikati. Kuna siku alisugua kioo kwa saa 16 bila kuondoa mikono. Aliyemweka hai siku hiyo ni dada yake, Caroline, ambaye alikuwa anamtilia chakula mdomoni kipande kwa kipande.

Caroline tusimpite haraka. Alizaliwa 1750, na akiwa na miaka 10 homa kali ilimpiga hadi urefu wake ukakomea kama mita 1.3. Mama yake aliona huyu hataolewa, akamfanya mtumishi wa nyumba. William ndiye aliyemfuata Hanover mwaka 1772 akamleta Bath. Akafunzwa kuimba, akaanza kusimama jukwaani na kupigiwa makofi. Halafu nyota zikaingia nyumbani, kila chumba kikageuka karakana, na ndoto yake ya uimbaji ikazikwa chini ya vumbi la vioo. Ukisikia watu wakimsifu William kwamba alijitengeneza mwenyewe, mkumbuke huyu aliyeshika kijiko.

Usiku wa Machi 13, 1781

Darubini iliyofanya kazi ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na kioo cha upana wa sentimita 16 hivi. Herschel aliisimamisha bustanini, nyumba nambari 19 barabara ya New King Street. Hakuwa anatafuta sayari. Alikuwa amejipa kazi ya kuchosha: kupitia nyota moja baada ya nyingine, eneo kwa eneo, akitafuta zile zinazokaa mbili mbili.

Usiku huo, karibu na mpaka wa kundinyota la Ng'ombe na lile la Mapacha, alikuta nukta moja inayokaa vibaya. Nyota iko mbali sana kiasi kwamba hata uikuze vipi, inabaki nukta. Hii alipoikuza ilinenepa, ikawa kiduara. Siku nne baadaye akarudi kuitafuta, akaikuta imesogea.

Alidhani ni nyota yenye mkia, na ndivyo alivyoripoti. Wenye hesabu zao wakaingia kazini, akiwemo Lexell kule St. Petersburg, wakaona njia yake ni ya kuzunguka Jua kwa mbali sana, takriban mara mbili ya umbali wa Zohali. Ilikuwa sayari. Kwa mara ya kwanza katika historia inayojulikana, mtu alikuwa ameongeza sayari kwenye orodha.

Jambo la kushangaza ni kwamba wengine waliiona kabla yake. Mtaalamu mmoja wa kifalme, Flamsteed, aliiandika kwenye daftari lake mwaka 1690 akidhani ni nyota ya kawaida. Tofauti ilikuwa kioo kizuri, na jicho lililokuwa limezoea usiku baada ya usiku mpaka likajua kipi si cha kawaida.

Wakubwa hawakumwamini mara moja. Nguvu ya kukuza aliyodai darubini yake inayo ilionekana ni ndoto, na wengine walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Mwaka 1782 akabeba kifaa chake hadi Greenwich, kituo kikuu cha anga cha Uingereza. Kikawekwa kando ya vyao, wakaangalia. Cha mwalimu wa muziki kilikuwa bora. Hakuna aliyemuuliza cheti tena.

Pesa ya mfalme, baridi ya usiku

Herschel aliiita sayari kwa jina la Mfalme George wa Tatu, na kama ulihisi alikuwa anajipendekeza, hujakosea sana. Jina halikushika nje ya Uingereza. Lililoshinda ni Uranus, pendekezo la Mjerumani Bode. Lakini mfalme alifurahi, akampa pauni 200 kwa mwaka. Pesa hiyo ilikuwa chini ya alichopata kwa muziki. Akaichukua hata hivyo, akaacha muziki, na kujazia pengo akawa anatengeneza darubini za kuuza. Hata mfalme wa Uhispania alinunua moja.

Usifikirie kazi yenyewe ilikuwa ya starehe. Mwaka huo huo wa 1781, akijaribu kumimina kioo kikubwa, kalibu lake la udongo na mavi ya farasi lilivuja. Chuma cha moto kikatiririka sakafuni, mawe ya sakafu yakapasuka na kurukaruka, kila mtu akatafuta mlango. Usiku wa mwisho wa 1783, Caroline akikimbia kwenye theluji kurekebisha darubini, alianguka na ndoano ya chuma ikamchoma paja. Kuna usiku wino uliganda kwenye chupa kwa baridi. Yeye aliandika tu.

Kazi ilizaa. Mwaka 1787 William alipata miezi miwili ya Uranus, na 1789 miezi mingine miwili ya Zohali, mwaka uleule alipokamilisha darubini yenye urefu wa mita 12. Pamoja na dada yake waliorodhesha takriban mawingu na mafungu ya nyota 2,500. Mwaka 1800 aligundua kwamba kuna miale ya joto isiyoonekana zaidi ya rangi nyekundu, miale ya aina ile rimoti ya televisheni yako inayotumia. Alikosea pia, na kwa ukubwa: aliamini hata Jua lina wakazi.

Caroline naye alikamata nyota zenye mkia nane, na kuanzia 1787 mfalme akamlipa pauni 50 kwa mwaka. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kulipwa kwa kazi ya sayansi. William alifariki Agosti 25, 1822 akiwa na miaka 83. Caroline aliishi hadi 1848, akafikisha 97.

Sasa wewe wa Gusii

Kuna kitu Herschel hakuwa nacho ambacho wewe unacho bure. Uingereza iko kaskazini sana, kwa hivyo sehemu kubwa ya anga ya kusini hakuiona maisha yake yote. Mwanawe John alilazimika kusafiri hadi Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1834, akakaa miaka minne kumalizia kazi ya babake. Kisii na Nyamira ziko chini ya digrii moja kutoka ikweta. Kwa mwaka mmoja, kutoka uwanja wa nyumbani, anga ya kaskazini na ya kusini karibu yote inapita juu ya kichwa chako.

Adui wako ni mvua, ambayo kwetu haina aibu, na taa za mji. Subiri Desemba hadi Februari, mbingu inapofunguka zaidi, kisha ondoka mjini upande mlimani. Darubini ndogo ya nyumbani, hata ya upana wa sentimita 6 au 7, itakuonyesha mashimo ya Mwezi, miezi minne ya Mshtarii na pete ya Zohali. Kama bei imekushinda, changeni watano mnunue moja. Na usiwahi kuielekeza kwenye Jua: jicho linaungua kabla hujasikia maumivu.

Uranus yenyewe unaweza kuipata kwa darubini ya mikono miwili, ile ya kutazamia ndege. Mwaka 2026 iko kwenye kundinyota la Ng'ombe, si mbali na Kilimia. Tafuta ramani ya nyota kwa simu, chora nukta unazoziona, rudi baada ya wiki kadhaa uone ipi imehama. Hivyo ndivyo alivyofanya.

Uranus huchukua miaka 84 kuzunguka Jua, karibu sawa na umri wote wa Herschel. Tangu usiku ule wa Bath imemaliza mizunguko miwili, na mwaka 2033 itakuwa inamaliza wa tatu, ikirudi palepale alipoikuta. Ukianza kuizoea anga leo, itakapofika utaijua bila kuonyeshwa.