Abebe Bikila: Mshindi wa Miguu Mitupu

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nchini Uhabeshi. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu tu majeshi ya Italia yalipoivamia nchi yake mwaka wa 1935. Ujanani alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, ambako kipaji chake kilinolewa na Onni Niskanen, mkufunzi kutoka Uswidi.

Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, Abebe alijitosa katika mbio za marathoni bila viatu. Wapo wanaolichukulia tendo hilo kuwa ishara ya ufukara. Kumbe viatu alivyojaribu havikumkaa vyema, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi kwa miguu mitupu. Mbio zilianza jioni zikamalizika usiku, njia ikimulikwa kwa mienge. Karibu na mwisho, penye mnara wa Axum ulioporwa Uhabeshi na kupelekwa Roma mwaka wa 1937, alimwacha nyuma Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora zaidi duniani wakati huo. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki, tena katika mji mkuu wa taifa lililokuwa limeikalia nchi yake kwa mabavu.

Mwaka wa 1964, majuma machache baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alishinda tena mjini Tokyo, safari hii akiwa amevaa viatu. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Katika michezo iyo hiyo, Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki.

Hata hivyo, dunia ni mapito. Mjini Mexico mwaka wa 1968 jeraha lilimtoa mbioni, na Mhabeshi mwenzake, Mamo Wolde, akashinda. Machi 1969 ajali ya gari ilimpooza miguu. Abebe hakukata tamaa; mwaka wa 1970 alishindana nchini Uingereza katika ulengaji wa mishale na tenisi ya meza, akiwa katika kiti cha magurudumu.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Mnara wa Axum ulirejeshwa Uhabeshi mwaka wa 2005, miaka 45 baada ya Abebe kuupita akielekea ushindini.