Roget: Tabibu aliyewapangia waandishi maneno

Peter Mark Roget alikuwa na umri wa miaka 73 kitabu chake mashuhuri kilipochapishwa jijini London mnamo 1852. Hakuwa mshairi wala mwanariwaya. Alikuwa tabibu mstaafu, mtu wa maabara na vikao vya wanasayansi, ambaye kwa karibu nusu karne alikuwa amehifadhi orodha ya maneno aliyoipanga kwa matumizi yake mwenyewe. Orodha hiyo ndiyo iliyozaa Thesaurus of English Words and Phrases, kamusi ya visawe ambayo waandishi wa Kiingereza wangali wanaifungua kila neno linapowakwama ulimini.

Roget alizaliwa London tarehe 18 Januari 1779. Babake, Jean Roget, alikuwa mchungaji kutoka Geneva aliyehudumia kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa jijini humo. Mchungaji huyo alifariki mwaka wa 1783 kwa kifua kikuu, mwanawe akiwa na umri wa miaka minne tu. Catherine, mjane wake, hakutulia mahali pamoja. Alihamahama na watoto wake wawili, na miaka ilivyosonga akili yake nayo ikaanza kuyumba, kama ilivyokuwa imeyumba ya mamake kabla yake. Katika maisha ya namna hiyo mtoto hapati marafiki wa kudumu. Roget alipata daftari. Tangu utotoni alipenda kuorodhesha mambo na kuyatenga kwa aina zake, na waandishi waliosimulia maisha yake wameona katika orodha hizo kimbilio la mtu aliyezungukwa na vurugu. Huenda ni kweli, japo karne ile ilikuwa na wataalamu wengi waliopanga mimea, wadudu na mawe kwa makundi bila ya kusukumwa na huzuni yoyote.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh akiwa na miaka 14, akafuzu udaktari mnamo 1798 akiwa na miaka 19. Kwa kuwa wagonjwa hawakuwa na imani na tabibu asiyeota ndevu, alitafuta kazi nyingine. Mnamo 1802 aliajiriwa na mfanyabiashara tajiri wa Manchester awasindikize wanawe wawili katika ziara ya Ulaya. Walikuwa Geneva mwaka wa 1803 vita baina ya Uingereza na Ufaransa vilipofufuka na Napoleon akaamuru Waingereza wazuiliwe. Kwa bahati njema, Geneva wakati huo ilikuwa imemezwa na Ufaransa. Roget alifukua ushahidi kwamba babake alikuwa mzaliwa wa mji huo, akahesabiwa kuwa raia wa Ufaransa, na kwa hila hiyo ya karatasi akawatorosha vijana hadi Ujerumani. Wenzake wengi waliobaki walikaa kizuizini kwa miaka kadhaa.

Aliporejea alipata kazi katika hospitali ya Manchester, na huko, mnamo 1805, ndiko mbegu ya kitabu chake ilikopandwa. Daktari huyo kijana alitakiwa kutoa mihadhara na kuandika makala, naye alijiona mchache wa maneno. Alilijua jambo alilotaka kusema, ila neno lenyewe lilimponyoka. Kamusi ya kawaida haikumfaa, kwa sababu kamusi humtaka mtu awe na neno kwanza ndipo impe maana yake. Shida ya mwandishi aghalabu ni kinyume cha hivyo: maana anayo, neno hana.

Hapo ndipo ulipo uzito wa uvumbuzi wa Roget. Badala ya kuanza na alfabeti, alianza na dhana. Aliugawa ulimwengu wote wa fikra katika matabaka sita: mahusiano ya jumla, nafasi, maada, akili, utashi na hisia. Matabaka hayo aliyagawa tena na tena hadi akapata vichwa 1,000 vilivyotiwa namba, cha kwanza kikiwa dhana ya kuwepo na cha mwisho hekalu. Chini ya kila kichwa alikusanya nomino, vitenzi, vivumishi na misemo inayokaribiana, na aghalabu alizikabilisha dhana zinazopingana, kila moja katika safu yake, ili mwandishi azione pamoja.

Mathalani, lau kazi hiyo ingefanywa kwa Kiswahili, kichwa cha huzuni kingekusanya majonzi, simanzi, jitimai, ghamu na kihoro. Safu ya pili ingekuwa na furaha, bashasha, shangwe, nderemo na ukunjufu. Mwandishi aliyechoka kurudia neno huzuni katika kila aya angepata pa kuchagua. Lakini asiwe mwepesi wa kuchukua lolote linalong'aa. Kihoro ni cha mtu aliyepigwa na msiba, si cha mwanafunzi aliyekosa alama moja. Bashasha huonekana usoni. Nderemo husikika, huwa na vigelegele na watu wengi, na anayeiweka katika moyo wa mtu aliyeketi peke yake chumbani amelitumia neno pasipo mahali pake. Roget hakuandika maana za maneno, wala hakueleza tofauti zake. Alidhani msomaji wake ni mtu anayeijua lugha tayari, ambaye neno akiliona tu atalitambua kama mtu anavyomtambua rafiki yake sokoni.

Kwa miaka mingi orodha ile ya 1805 ilikaa mezani mwake ikimsaidia kimyakimya. Roget alihamia London mnamo 1808 akajitosa katika sayansi. Alibuni rula ya hesabu yenye kipande kinachoteleza, iliyorahisisha kutafuta vipeo na vipeuo vya namba, na mwaka wa 1815 akateuliwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kongwe ya wanasayansi wa Uingereza. Alikuwa katibu wake kuanzia 1827 hadi 1848. Aliandika kuhusu jinsi jicho linavyodanganyika linapotazama spoki za gurudumu linalopita nyuma ya mianya, na mnamo 1834 akatoa kitabu kikubwa kuhusu maumbile ya wanyama na mimea.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Mjomba wake, Samuel Romilly, mwanasheria maarufu aliyepigania kupunguzwa kwa adhabu ya kifo na aliyekuwa kwake badala ya baba, alifiwa na mkewe mwishoni mwa Oktoba 1818. Siku chache baadaye alijikata koo kwa wembe, naye Roget alikuwepo alipokata roho. Mnamo 1824 Roget alimwoa Mary Hobson, wakajaliwa watoto wawili. Mary aliaga dunia mwaka wa 1833 kwa saratani. Si ajabu kwamba sehemu ya hisia katika kitabu chake ina msamiati mwingi hivyo wa majonzi, ingawa yeye mwenyewe hakupenda kuyaanika ya moyoni.

Alistaafu utabibu mnamo 1840. Alipoachia ukatibu wa Royal Society, umri ukiwa umekaribia miaka 70, aliifungua upya orodha yake ya ujanani. Aliipanua na kuisafisha, akaambatisha faharasa ya kumwongoza msomaji kutoka neno analolijua hadi kichwa alichokihitaji. Katika dibaji aliitaja Amarakosha, kazi ya kale ya Kisanskriti iliyopanga maneno kwa maana, akikiri kwamba wapo waliomtangulia katika wazo hilo. Wachapishaji wa Longman walikitoa kitabu mnamo 1852, na kikapigwa chapa mara zaidi ya 20 kabla hajafa. Hadi siku zake za mwisho aliendelea kuongeza maneno pembezoni mwa nakala yake.

Alifariki tarehe 12 Septemba 1869 huko West Malvern, akiwa na umri wa miaka 90. Mwanawe, John Lewis Roget, aliyekuwa mwanasheria, aliirithi kazi hiyo na kutoa toleo jipya mnamo 1879 lenye faharasa pana zaidi. Ni yeye aliyetambua kwamba wasomaji wengi hawakuyajali matabaka sita ya babake, bali walikimbilia faharasa moja kwa moja. Mjukuu, Samuel Romilly Roget, naye aliisimamia katika karne ya 20.

Umaarufu wake haukukosa wapinzani. Mwandishi J.M. Barrie alikiweka kitabu hicho katika chumba cha Kapteni Hook, haramia wa tamthilia ya Peter Pan, kama ishara kwamba hata mwovu huyo hakuwa mwovu kabisa. Katika miaka ya 1920 wachezaji wa fumbo la maneno nchini Marekani walikinunua kwa pupa. Mnamo 2001, hata hivyo, mwandishi Simon Winchester alikishambulia vikali, akidai kuwa kimewazoesha watu kuokota maneno bila ya kuyaelewa. Lawama hiyo ina ukweli, hasa kwa mwanafunzi wa insha anayebadilisha kila neno dogo kwa kubwa ili kumfurahisha mwalimu. Dawa yake ni kuwa na vitabu viwili mezani: cha visawe cha kukumbushia neno, na kamusi ya maana ya kulithibitishia.

Kiswahili kilipata Kamusi ya Visawe mwaka wa 1998, iliyochapishwa Nairobi na East African Educational Publishers. Waliyoitunga ni Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, huyu wa pili akiwa mwandishi wa riwaya za Asali Chungu na Utengano. Wao walifuata mpangilio wa alfabeti.