Jules Bordet, munganga aliyegundua kwamba kinga ya damu ina sehemu mbili

Jules Bordet alizaliwa tarehe 13 Juni 1870 huko Soignies, Ubelgiji. Alimaliza masomo ya uganga Bruxelles mwaka wa 1892, na mwaka wa 1894 akaenda Paris, kwenye Institut Pasteur, kufanya kazi na Élie Metchnikoff.

Pale, mwaka wa 1895, alichunguza kipindupindu, ugonjwa ambao watu wa Goma, Uvira na Kalemie wanaujua vizuri. Seramu, yale maji yanayobaki damu ikisha kuganda, ikitoka kwa mnyama mwenye kinga iliua vijidudu. Ikipashwa moto wa digri 55, nguvu iliisha. Bordet akaongeza seramu mbichi ya mnyama asiye na kinga hiyo, na vijidudu vikafa tena.

Kumbe sehemu ni mbili. Kingamwili inavumilia moto, lakini inamjua adui mmoja tu. Ile ingine inaharibika na moto, haichagui adui, na inaweza kuazimwa kwa mnyama mwingine. Leo inaitwa komplementi.

Mwaka wa 1901, Bordet na mwenzake Octave Gengou walionyesha kwamba kingamwili ikikutana na adui wake, inashika komplementi yote iliyopo. Mwaka wa 1906, August von Wassermann akatengeneza juu ya msingi huo kipimo cha kaswende. Ndani ya chupa moja ndogo mlikuwa na seramu ya mgonjwa, chembe nyekundu za kondoo, kingamwili za sungura na komplementi ya kobayi, wale simbilisi wanaofugwa Kivu. Chembe zikipasuka, komplementi ilibaki huru: hakuna kaswende. Zikibaki nzima, mtu alihesabiwa mgonjwa.

Si kila mnyama alifaa. Komplementi ya panya ni dhaifu. Ya kobayi ni kali, ndiyo maana maabara nyingi zilifuga kobayi. Na kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro: mtu mwenye malaria aliweza kuambiwa ana kaswende bila kuwa nayo.

Mwaka huohuo wa 1906, Bordet na Gengou walifaulu kuotesha bakteria ya kifaduro. Leo inaitwa Bordetella pertussis, na watoto wetu wanachanjwa dhidi yake kwenye vituo vya afya.

Bordet alipewa tuzo ya Nobel ya 1919. Alifariki Bruxelles tarehe 6 Aprili 1961. Mpaka leo, maabara zinapotaka kuzima komplementi, zinapasha seramu moto wa digri 56 kwa dakika 30.