Binti Mfalme Katika Vazi la Utawa

Mwaka 1625 mchoraji Peter Paul Rubens alimchora mama mmoja aliyekaribia miaka 59. Amevaa kanzu ya Kifransisko na shela nyeusi, kamba kiunoni. Hana taji wala lulu. Asiyemjua angemdhania mama mkuu wa watawa. Kumbe ndiye mtawala wa sehemu kubwa ya nchi iitwayo leo Ubelgiji.

Isabel Clara Eugenia alizaliwa mwaka 1566, binti wa Felipe II, Mfalme wa Hispania. Mamaye alifariki yeye akiwa na miaka 2. Alikaa na babaye hata akamwuguza katika ugonjwa wake wa mwisho, mwaka 1598. Mwaka uliofuata aliolewa na Albert wa Austria, ambaye kabla ya hapo alikuwa Kardinali. Msomaji asishtuke: Albert hakuwa amepewa daraja ya upadre, na siku zile wana wa wafalme walipewa kofia nyekundu wakiwa vijana tu. Desturi hiyo hatuisifu, wala hatuoni sababu ya kuificha.

Watoto wao walikufa wangali wachanga. Mwaka 1609 walifanya mapatano na Waholanzi ya kusimamisha vita kwa miaka 12, na nchi ikapata kupumua. Lakini mwaka 1621 mapatano yakaisha, na Albert akaaga dunia. Kwa kuwa hawakuacha mrithi, nchi ilirudi kwa mfalme wa Hispania, naye Isabel akabaki liwali tu wa Felipe IV, mwana wa ndugu yake. Ndipo alipoingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, akavaa vazi lile, asilivue tena.

Twakiri kwamba picha hii yatusumbua. Rubens aliichora Isabel alipopita Antwerpen akitoka Breda, mji ambao jeshi lake liliuzingira miezi mingi mpaka ukasalimu amri kwa njaa. Vazi ni la maskini wa Assisi. Aliyelivaa ametoka kushangilia ushindi wa vita.

Hata hivyo tusimhukumu upesi. Ni yeye aliyemtumia mchoraji huyohuyo kama mjumbe wake wa amani. Rubens akaenda Madrid, kisha London, na mwaka 1630 Hispania na Uingereza zikapatana. Kwa Waholanzi alijaribu pia, asifaulu. Alifariki Brussels tarehe 1 Desemba 1633. Amani na Waholanzi ilitiwa sahihi mwaka 1648.